Levo Moja kwa Kundi Zima: Mbinu za Kusanifu Mitaro ya Hai Jalaba

Umepewa mradi wa muhula wa uzamili. Mko watano, mna wiki 12, na karatasi moja inayosema: sanifuni barabara na mitaro ya maji ya mvua kwa mtaa wa Hai Jalaba, Juba. Mmoja katoka Mbeya, mmoja Kampala, mmoja Kisumu. Wawili ni wa Juba, na mmoja wao hajakanyaga Hai Jalaba tangu amalize sekondari. Usiwe na wasiwasi, kazi hii inafanyika. Ila usianze na kompyuta.

Anza na levo. Nakwambia kwa sababu iliniunguza. Katika kundi langu la kwanza, mwenzetu wa barabara alipandisha tuta kwa sentimita 30 ili apate tabaka nene la changarawe. Alikuwa na haki. Mimi niliyeshika mitaro sikuambiwa, wala sikuuliza. Siku ya kuwasilisha, mwalimu aliweka mchoro wangu juu ya mchoro wake, akauliza maji ya uani kwa watu yatapandaje hadi kuingia mtaroni. Tukatazamana. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, na zake pia. Mradi ndio ulikuwa mbovu.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, tengenezeni karatasi moja ya levo. Moja tu. Safu zake: jina la nukta, levo ya ardhi ilivyo sasa, levo mpya, nani kaibadilisha, lini, na nani anaguswa na badiliko hilo. Safu ya mwisho ndiyo dawa. Mtu akitaka kupandisha au kushusha chochote, hata kwa sentimita tano, ajaze safu hiyo kabla ya kugusa mchoro.

Mpeni mtu mmoja kazi ya kuitunza. Si lazima awe kiongozi wa kundi. Chagueni yule anayehesabu chenji mara mbili kabla ya kuondoka dukani.

Kubalianeni pia mnapimia kutoka wapi. Kimo kinachosomwa na kifaa cha GPS si kimo cha kutoka usawa wa bahari. Vinaweza kupishana kwa mita kadhaa. Chagueni alama moja ya kudumu karibu na eneo, kama pembe ya msingi wa zege usiotikisika. Ipeni namba. Kila kipimo kianzie hapo.

Ramani za vimo za setilaiti zitakuvutia kwa sababu ni za bure. Zitumie, lakini ujue mwisho wake. Data ya SRTM ilipigwa kutoka angani mwezi Februari mwaka 2000, ina nukta moja kila mita 30 hivi, na inaweza kukosea kwa mita kadhaa kwenda juu au chini. Mtaro wenye mteremko wa 0.3% hushuka sentimita 30 tu katika mita 100. Setilaiti ikusaidie kujua maji yanatokea upande gani wa mji. Mteremko wa mtaro utaupata kwa mashine ya levo, fimbo ya kupimia, na miguu yako.

Sasa nendeni mtaani

Hai Jalaba ni mtaa wa katikati ya Juba. "Hai" ni mtaa kwa Kiarabu, na jalaba ndilo jina waliloitwa wafanyabiashara waliotoka kaskazini mwa Sudan. Jina la biashara lisikupite hivi hivi. Penye duka, mtaro wa wazi mbele ya mlango haudumu wazi. Mwenye duka ataweka ubao wateja wapite, mwaka unaofuata atamwaga zege, na mtaro umeziba. Chora vivuko vya kuingilia madukani tangu mwanzo, kabla hawajajichorea wenyewe.

Kabla ya kwenda, pata barua. Ya chuo kwanza, kisha ruhusa ya ofisi ya mji, kisha salamu kwa mkuu wa mtaa, ambaye watu wengi Juba watamwita sultani. Usiruke hatua hata moja. Sudan Kusini kupiga picha barabarani si jambo la mzaha: unahitaji kibali, na kamera ikielekea daraja, askari au jengo la serikali, utalala umeeleza maisha yako yote. Droni iache nyumbani. Beba penseli, daftari gumu na futi ya mita 50.

Nenda msimu wa mvua kama ratiba inaruhusu. Juba mvua huanza karibu na Aprili na kuendelea hadi Oktoba. Saa moja ya kusimama chini ya paa mvua ikinyesha itakufundisha kuliko siku nzima ya jua. Utaona maji yanakatisha wapi, yanasimama wapi, na yanaondoka baada ya muda gani. Andika saa. Kama ni kiangazi, soma kuta: doa la tope, plasta iliyobanduka kwa mstari mmoja, kizingiti kilichoinuliwa kwa tofali mbili. Mtu hainui kizingiti kwa urembo.

Kisha uliza watu. Hapa vijana wengi wa uhandisi huharibu, kwa sababu huuliza kama wanaojaza fomu. Tafuta mama wa chai aliyekaa chini ya mti kando ya barabara. Anaketi pale mchana kutwa, na maji yakija yeye ndiye anayehamisha jiko. Agiza chai kwanza. Msalimie vizuri, mwite mama, na ukisema "salaam taki" ya Kiarabu cha Juba utaona uso unafunguka. Chunga neno moja tu: kwa Kiarabu cha Juba "moyo" ni maji. Ukiambiwa moyo umejaa hadi mlangoni, hakuna aliyependwa.

Usiulize mafuriko yalikuwa makubwa kiasi gani. Jibu litakuwa "makubwa sana". Uliza hivi: "Mzee, mwaka ule mbaya kuliko yote, maji yalifika wapi kwenye ukuta huu?" Mwache aweke mkono. Pima kutoka kwenye mkono wake hadi ardhini, pima levo ya pale chini, ingiza kwenye karatasi. Fanya hivyo nyumba tatu zilizo karibu. Mikono mitatu ikikubaliana, una alama ya mafuriko nzuri kuliko modeli yoyote. Ikipishana kwa nusu mita, kuna mmoja anakumbuka mwaka mwingine; rudi na uulize tena.

Njia hii si ya kubahatisha. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakatembea pamoja na wakazi wa kata zinazofurika, wakichora nyumba, vichochoro na mitaro kwenye OpenStreetMap. Tandale ilishachorwa kwa mtindo huo tangu 2011. Kundi lenu la watano haliwezi kuchora kata nzima. Mtaa mmoja mnauweza kwa siku tatu mkigawana vichochoro.

Gawaneni kwa njia ya maji

Makundi mengi hugawana kwa fani: wewe barabara, wewe mitaro, wewe zege, wewe gharama. Sawa, lazima kila fani iwe na mwenyewe. Lakini ongezeni mgawanyo wa pili. Gawanyeni njia ya maji vipande vitano, kutoka mlango wa nyumba ya juu kabisa hadi kwenye khor, na kila mtu amiliki kipande kimoja chenye kila kitu ndani yake. Mtu wa barabara atalazimika kujua maji yanaingia kipande chake kwa levo gani na yanatoka kwa levo gani. Atampigia simu mwenye kipande cha chini bila kuambiwa.

Khor ndilo neno la Juba kwa korongo la maji ya msimu, na mji umekatwa na makorongo hayo; Khor Bou ni mojawapo, na Khor William ni nyingine. Karibu kila mtaro utaishia katika mojawapo, kisha Nile. Msichore mshale unaosema "kwenda khor" mkaishia hapo. Pimeni khor yenyewe. Ikiwa imejaa hadi ukingoni mvua inaponyesha, maji yenu hayana pa kwenda, na mtaro mzuri wa Hai Jalaba utakuwa umehamishia shida kwa jirani wa chini.

Mwenzenu wa Kampala apewe kazi ya Nile. Sina utani. Kimo cha mto pale Juba hakitokani na mvua ya Juba peke yake. Maji yanashuka kutoka Ziwa Viktoria kupitia Jinja. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya mwaka 1964 kwa sentimita moja. Mwaka kama huo mto uko juu hata siku ambayo Juba kumekauka. Chukueni kimo cha juu cha mto kama hali ya kawaida ya mwisho wa mtaro, halafu angalieni kama maji bado yanatoka.

Hesabu: fupi, kwa mkono, kisha kompyuta

Mvua ya Juba kwa saa moja moja haipatikani kirahisi kwenye jedwali. Kuna njia ya Afrika Mashariki ambayo wahandisi wa ukanda huu wamekua nayo: ripoti za maabara ya barabara ya Uingereza, TRRL, namba 623 ya mwaka 1974 kuhusu mvua kubwa na namba 706 ya 1976 kuhusu mafuriko. Zimejengwa juu ya data za Kenya, Uganda na Tanzania. Juba iko nje ya uzio. Mnaweza kuazima, lakini semeni wazi katika ripoti kwamba mmeazima, na linganisheni na mvua ya siku nzima ya CHIRPS, data ya setilaiti inayoanzia mwaka 1981. Mwalimu hakasiriki kwa kuazima. Hukasirika kwa kuficha.

Kubalianeni mapema ni mvua ya mara moja katika miaka mingapi. Mkisema miaka 10, maana yake kila mwaka kuna uwezekano wa 10% kuzidiwa, na katika miaka 10 uwezekano wa kuzidiwa angalau mara moja ni karibu 65%. Mweleze mkazi hivyo hivyo. Kalavati chini ya barabara kuu ipeni miaka mingi zaidi kuliko mtaro wa kichochoro.

Sasa kokotoa kwa mkono. Tuseme sehemu inayomwaga maji ni hekta 20, mvua milimita 90 kwa saa, na 0.7 ya maji hayo hutiririka kwa sababu ya mabati na ardhi iliyoshikana. Zidisha zote tatu, gawa kwa 360: mita za ujazo 3.5 kwa sekunde. Namba hizi ni za mfano tu, zenu zitatoka mtaani. Mtaro wa zege wenye upana wa mita 1.5, mteremko wa 0.3% na kina cha maji cha mita 1.2 unapitisha takriban 3.9. Umetosha, na ziada ndogo juu.

Usifunge daftari. Jaza mtaro huo tope na chupa za plastiki hadi sentimita 60. Kokotoa tena. Zimebaki kama 1.6. Umepunguza nusu ya kina na umepoteza zaidi ya nusu ya uwezo, na sijahesabu bado ukwaruzo wa takataka zenyewe. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mtu wa kusafisha anatakiwa kuwepo katika usanifu tangu wiki ya pili. Kila kundi nililolikagua lilimweka kwenye aya ya mwisho ya ripoti.

Chukua mfuniko wa mtaro. Mwenzenu wa zege atataka uwe mnene kwa sababu ya malori, na ana haki. Kipande cha urefu wa mita 1.8, upana wa sentimita 50 na unene wa 12 kina uzito wa karibu kilo 260. Nani atakinyanyua Jumamosi asubuhi? Hakuna. Mtaro umezikwa. Kata upana uwe sentimita 25 na kipande kinashuka hadi kilo 130, watu wanne wenye ndoano wanakiweza. Au wekeni vifuniko vizito penye kuvuka magari tu, na kila mita 10 hivi muache kipande chepesi cha wavu. Jambo hili lijadiliwe mezani kati ya mtu wa zege na mtu wa mitaro wakiwa wamekaa pamoja. Kwa ujumbe wa simu litawachukua wiki mbili.

Malori yenyewe yajueni. Sehemu kubwa ya Juba hunywa maji ya tanka. Tanka la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji peke yake, na gari lenyewe bado. Mtu wa barabara akae nusu siku kando ya njia ahesabu matanka yanayopita, yaliyojaa upande mmoja, matupu upande wa pili. Udongo upimeni kwa DCP, ile fimbo yenye nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575. Ni rahisi, inabebwa na watu wawili, na inatoa jibu siku hiyo hiyo.

Programu: QGIS kwa ramani, SWMM kwa mitaro, HEC-RAS kwa khor. Zote za bure. Kubalianeni toleo, pakueni mapema mkiwa na intaneti nzuri, na hakikisheni kila mtu anaweza kufanya kazi bila mtandao. Jenereta ikizimwa saa nne usiku, kazi isiwe imekwama mawinguni.

Kuhusu watu

Kikao kimoja kwa wiki, dakika 45, karatasi ya levo katikati ya meza. Anzeni na mabadiliko yaliyojazwa wiki hiyo. Mengine yafuate.

WhatsApp ni ya kuulizana uko wapi. Uamuzi uliopitishwa kwa ujumbe wa sauti saa tano usiku haujapitishwa. Uandikwe kwenye daftari la kundi, na tarehe, kwa sentensi moja.

Faili ziitwe kwa tarehe na jina la kipande, mfano "2-mtaro-0614". Nikikuta faili iitwayo "ya mwisho kabisa sasa", najua kundi limeshagombana.

Katika uzamili utakuta kijana aliyemaliza shahada mwaka jana ameketi na mhandisi aliyesimamia barabara miaka 15 na ambaye programu za kompyuta zinamsumbua. Msiwatenge. Waweke pamoja kwenye kipande kimoja: mkubwa aongoze mtaani na kwenye BOQ (orodha ya kazi na gharama), mdogo ashike modeli, na kila mmoja amweleze mwenzake alichofanya. Ukiona mkubwa amekosea, usimkosoe mbele ya watu. Mfuate na karatasi mkononi: "Shikamoo mzee. Nimekwama hapa kwenye levo ya nukta ya saba, naomba tuipitie." Mtaipitia, ataliona kosa mwenyewe, na kesho atakuita ukague nyingine.

Kaguaneni. Kila hesabu ipite kwa mtu wa pili, kwa kikokotoo na kalamu nyekundu, na atie sahihi. Kosa likigunduliwa baadaye ni la wote wawili. Utashangaa milimita ngapi zitageuka kuwa mita.

Kuna asiyefanya kazi? Mpigie faraghani kwanza. Huenda ana mgonjwa nyumbani au ada haijalipwa. Mpe kazi ndogo yenye siku tatu. Ikishindikana, lileteni kikaoni, kisha kwa mwalimu. Fanyeni hivyo wiki ya tano. Wiki ya 11 ni malalamiko tu.

Jengeni kutoka chini

Gawanyeni ujenzi kwa awamu, na kila awamu iweze kusimama yenyewe fedha zikikatika. Juba inajua jambo hili. Daraja la Uhuru juu ya Nile, la mita 560, lilianza kujengwa 2013 kwa msaada wa Japani, likasimama kwa sababu ya mapigano ya Desemba 2013, likasimama tena Julai 2016, na likafunguliwa Mei 2022. Mradi wenu nao unaweza kusimama katikati.

Kwa mitaro, hiyo ina maana moja: anzeni kwenye khor, mpande kuelekea juu. Wanasiasa watapenda muanze mbele ya soko, panapoonekana. Kataeni kwa mchoro. Ukijenga juu kwanza na fedha zikaisha, umekusanya maji ya mtaa mzima na kuyamwaga mlangoni kwa mtu mmoja.

Siku ya kuwasilisha, acheni slaidi 40. Chapisheni mkato mmoja mrefu, kutoka kizingiti cha nyumba ya juu hadi maji ya khor, wenye levo kila mita 20, alama za mikono ya wazee zikiwa na rangi yake, na mpaka wa kila awamu. Ubandikeni ukutani. Kila mmoja wenu aweze kusimama mbele ya kipande cha mwenzake na kukieleza. Fanyeni zoezi hilo mara mbili usiku wa kuamkia siku hiyo, mkibadilishana. Na chapisheni nakala mbili. Umeme ukikatika katikati ya maelezo, sogezeni karatasi dirishani na muendelee.